"Hamna apu ya kitu fulani" sio tatizo: tulielewe vizuri lile swali la "unatatua tatizo gani?"

Kama umewahi kukaa kwenye mashindano ya ubunifu ya vijana, au hata kijiweni tu jamaa anamwaga aidia yake ya biashara, unalijua lile swali. "Unatatua tatizo gani?" Na jibu unalijua pia, maana kila mwaka ni lilelile: "Tatizo ni kwamba hapa kwetu hamna apu ya kuunganisha wakulima na wanunuzi." Jaji anaitikia, anaandika kitu kwenye karatasi yake, kijana anarudi kukaa anajiona kajibu vizuri, matokeo yakitoka jina halipo na haelewi kwanini. Alafu mtaani lawama zinaanza, mara majaji wana watu wao, mara Wabongo hawapendi vya kwao, mara mtaji hamna. Inawezekana yote hayo ni kweli. Ila pale kwenye lile jibu kuna kitu hakijakaa sawa na hamna aliyemwambia, sasa ngoja tukifungue taratibu.

Tuanze na maneno matatu tu maana watu wanayachanganya: lalamiko, tatizo na suluhisho.

Mtu anaingia duka la dawa muhimu anasema "nipe dawa ya kichwa". Kichwa kuuma ni lalamiko. Tatizo lenyewe linaweza likawa malaria, linaweza likawa presha, inaweza ikawa macho yameanza kuchoka na anatakiwa avae miwani, au hajanywa maji tangu asubuhi na jua la Dar unalijua. Watu wanne, sentensi moja, na panado itamtuliza kila mmoja kidogo alafu kesho yupo tena dirishani. Panado ndio suluhisho, au tuseme ilidhaniwa ndio suluhisho. Sasa rudi kwa kijana wetu. Alichofanya ni kuchukua suluhisho lake, yani apu, akaliwekea neno "hamna" mbele, akaliita tatizo. Ni kama daktari akuandikie kwenye cheti "mgonjwa anasumbuliwa na ukosefu wa panado".

Kwa hiyo tatizo la mteja ni nini? Ni mtu unayeweza kumwonyesha kwa kidole, anajaribu kufanya kitu fulani, anakwama mahali fulani, na kukwama huko kunamtoa hela au muda au usingizi. Alafu kuna kipande ambacho mi nakiona ndio kikubwa kuliko vyote na watu wanakiruka: saivi anafanyaje? Maana mtu mwenye tatizo la kweli hakai tu anakusubiri wewe na apu yako. Anaungaunga. Anamtuma mtoto, anamlipa kondakta, anaandika ukutani kwa mkaa, anaazima kwa jirani. Ukiona watu wanahangaika na njia mbovu na bado wanailipia, hapo pana tatizo. Ukiona hawahangaiki kabisa, ujue haliwaumi kiasi hicho hata kama wakikujibu "ndio ndio ni tatizo".

Mfano mzuri wa hili sote tunao mfukoni ila tunaujua nusu, na huo ni M-Pesa. Wengi wanadhani watu wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, walikaa chini wakasema Wakenya wana shida ya kutumiana hela, wakatengeneza. Haikwenda hivyo. Vodafone ya Uingereza, ambayo ina hisa Safaricom, ilipata hela kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza wa kusaidia huduma za fedha, ikaongeza na zake, na aidia ya kwanza ya kina Nick Hughes na Susie Lonie, watu wa Vodafone waliokuwa na mradi huo, ilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Yani we ni mwanakikundi, umekopa, badala ya kubeba noti kwenda kwenye mkutano wa kikundi unalipa kwa simu. Majaribio yakaanza Oktoba 2005, wakishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, maeneo ya Nairobi na Thika, wateja kama 500 hivi na mawakala wa kuhesabu.

Sasa angalia kilichotokea. Upande wa marejesho mambo yakawa mazito, taasisi ya mikopo ikawa inahangaika kulinganisha hesabu za simu na vitabu vyake, na ile mikutano ya vikundi ilikuwa na kazi yake pale, kwa sababu ndipo watu wanapodhaminiana na kukabana. Ila wateja walipopewa tu ile laini wakaanza kuifanyia mambo yao. Wengine wakawa wanawatumia ndugu. Wafanyabiashara wakawa wanalipana. Wengine wanaweka hela kwenye simu kabla ya safari alafu wanaitoa wakifika, maana kutembea na noti kwenye basi unajua mwenyewe roho inavyokuwa. Hamna aliyewafundisha hayo.

Na ukifikiria haikuwa ajabu, kwa sababu lile tatizo lilishakuwa na kuungaunga kwake miaka na miaka. Baba anafanya kazi Nairobi, familia iko kijijini magharibi huko, hela ya mwezi inaenda kwa bahasha anakabidhiwa dereva wa basi, au inaenda kwa posta, au inasubiri jamaa wa kijijini atakayesafiri na umwombe Mungu asilewe njiani. Hata sisi huku Bongo tulikuwa hivyohivyo, bahasha kwa kondakta wa basi la mkoani alafu unapiga simu kwa mtu mwenye simu kijijini amwambie mama aende stendi jioni. Njia ilikuwa ya polepole, ya hatari, na bado watu waliilipia. Hiyo ndio alama niliyokwambia.

Walipokuja kuzindua rasmi Machi 2007 wakawa wameyaacha marejesho nyuma, tangazo likawa na ujumbe mmoja tu, tuma pesa nyumbani. Ona huo ujumbe ulivyo, hautaji teknolojia wala simu wala benki, unamtaja yule baba na kile anachojaribu kufanya. Mwaka haujaisha wakawa wameshapita wateja milioni moja.

Hapa kuna mtu atasema basi si unaona, hata wao walianza na tatizo lisilo sahihi na wakafanikiwa, kwa hiyo we tengeneza tu mengine yatajulikana mbele. Nusu yake naikubali. Kweli hamna anayelipata tatizo sawasawa siku ya kwanza akiwa amekaa ofisini. Ila angalia walilipata wapi. Walilipata kwenye jaribio la watu 500 tena kwa kuwaangalia watu wanafanya nini. Wangemwaga mawakala nchi nzima na mabango ya "rejesha mkopo wako kwa simu", sidhani kama leo tungekuwa tunaizungumzia.

Alafu kuna sehemu ya pili ya hii hadithi ambayo haisimuliwi sana. Agosti 2010 Vodacom wakaipeleka M-Pesa Afrika Kusini wakiwa na benki ya Nedbank. Jina lilelile, uzoefu upo, hela ipo, na lengo lilikuwa wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Ilifungwa Juni 2016 ikiwa na watumiaji hai kama 76,000 tu. Elfu, sio milioni. Kwanini? Kule watu wengi walishakuwa na akaunti za benki, mashine za kutolea hela ziko kila kona, na maduka makubwa ya vyakula yalikuwa tayari yanatuma hela, unalipa kaunta Johannesburg ndugu yako anachukua kaunta ya tawi la kijijini. Sheria za utambulisho wa mteja nazo zilikuwa ngumu zaidi. Yani kuungaunga kwa kule hakukuwa bahasha na dereva wa basi, kulikuwa supamaketi. Ukimletea mtu kitu kipya inabidi kizidi alichonacho, na alichonacho hakikuwa kibaya.

Ndio maana nasema tatizo haliko ndani ya bidhaa. Liko kwa mtu na mahali alipo. Ukihamisha bidhaa, tatizo halipandi basi pamoja nayo.

Hiki kitu ndicho kinachotuponza na zile aidia za "nataka kufanya kama ile ya Marekani ila ya hapa Tanzania". Sio dhambi kuiga, watu wametajirika kwa kuiga, ila ukiiga bidhaa bila kuangalia kama mtu wa hapa anakwama palepale unakuwa umebeba ufunguo wa nyumba ya watu.

Na usidhani huu ni ushamba wa kwetu. Wamarekani walitengeneza mashine ya kukamua juisi, Juicero, ilivyotoka 2016 ilikuwa inauzwa karibu dola 700, ina intaneti ndani, wawekezaji wameweka kama dola milioni 120. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg wakaonyesha kwamba ile pakiti ya matunda ukiibana kwa mikono juisi inatoka hivyohivyo, tena haraka. Septemba kampuni ikafungwa. Pakiti yenyewe unainunua kwao tayari ina matunda yaliyokatwakatwa. Sasa mashine ilikuwa inamwondolea mtu shida gani hasa?

Sawa, mpaka hapo ilikuwa rahisi, kwa sababu anayelipa na anayetumia ni mtu mmoja. Kichwa kinaanza kuuma wakiwa wawili tofauti.

Kusini mwa Afrika kulikuwa na kitu kinaitwa PlayPump. Ni ile bembea ya kuzunguka ya watoto imeunganishwa na pampu ya kisima, watoto wakicheza maji yanapanda kwenye tangi juu, na tangi lina mabango ya matangazo. Ukiisikia tu unacheka kwa furaha, watoto wanacheza na kijiji kinapata maji. Wafadhili waliipenda mno, 2006 Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, akatangaza dola milioni 16.4 za kusukuma mpango huo, lengo likiwa kufunga pampu 4,000 ifikapo 2010. Zikaenda Afrika Kusini, Msumbiji, Zambia na kwingine. Ila moja ilikuwa kama dola 14,000, mara kadhaa ya pampu ya kawaida ya mkono. Alafu watoto ni watoto, wanacheza wakijisikia, wakichoka wanaenda. Gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu 2009 likakuta ili pampu moja ihudumie watu 2,500 kama ilivyoahidiwa watoto wangetakiwa wacheze masaa 27 kwa siku. Kwa hiyo nani alikuwa anazungusha bembea? Mama mtu mzima, ndoo chini, anasukuma kitu cha watoto huku anaona aibu, tena kinachosha kuliko pampu aliyoizoea.

Ukiiangalia kwa yale maneno yetu, PlayPump ilitatua tatizo kweli, ila la mfadhili. Mfadhili alikuwa na hela na anatafuta kitu cha kupendeza cha kuifanyia. Mama mwenye ndoo hakuna aliyemuuliza, maana angeulizwa angesema nikifika kisimani nataka maji yatoke muda huohuo, pampu ikiharibika nipate spea na fundi hapahapa. Kwa hiyo kama kitu chako analipa mtu mwingine na anatumia mwingine, mfano shule inalipa mwanafunzi anatumia, una matatizo mawili ya kuyaelewa, na ukielewa la mlipaji peke yake utauza siku ya kwanza alafu kitakaa stoo.

Wa kulinganisha naye ni M-Kopa, kampuni ya sola nayo ya Kenya, walioanza kuuza 2012 na mmoja wa waanzilishi wake ni yuleyule Nick Hughes wa M-Pesa. Sola zilikuwepo madukani muda mrefu tu. Mtu akiwa na haraka angesema tatizo ni giza au watu hawana elimu ya sola. Wao wakaangalia mtu anafanyaje saivi: kila siku ananunua mafuta ya taa ya kupima, shilingi kadhaa za Kenya leo, kadhaa kesho, kwa mwaka anamaliza hela ya kutosha kabisa kununua sola, ila hajawahi kuishika yote kwa mkupuo. Basi wakamruhusu atoe kianzio kidogo alafu alipe shilingi 40 au 50 kwa siku kwa simu, kama hela ileile ya mafuta, mpaka sola iwe yake. Taa haikuwa ngeni. Kilichobadilika ni namna ya kulipa, na hakuna ambaye angeifikia kama angebaki kwenye sentensi ya "watu hawana umeme".

Sasa nije kwenye imani mbili tatu zinazozunguka mitaani.

Ya kwanza ni ile ya Henry Ford, yule Mmarekani mtengenezaji wa magari. Ukimwambia mtu aende kwa wateja kwanza anakujibu Ford alisema angewauliza watu wanataka nini wangesema farasi wenye mbio zaidi. Hamna ushahidi kwamba Ford aliwahi kusema hayo maneno. Na hata angesema, hebu yasikilize vizuri, si wamekwambia tatizo lao? Wanataka kufika haraka. Farasi ni suluhisho walilolijua, we mtengenezaji kazi yako ni kuachana na farasi na kubaki na haraka. Kwanza magari yalikuwepo kabla ya Model T, gari lake lililompa jina, shida ni kwamba yalikuwa ya matajiri tu. Ile gari ilitoka 1908 kwa dola 850 na katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa chini ya dola 300, ukitaka kujua Ford alikuwa anapambana na tatizo gani angalia hiyo bei ilivyoshuka.

Ya pili ni "sisemi aidia yangu wataniiba". Wewe huna haja ya kusema aidia. Unaenda kumuuliza mtu habari za maisha yake, na maisha yake anayajua yeye, hapo cha kuibwa kiko wapi.

Ya tatu ndio inayoua wengi zaidi kwetu, na ni kwa sababu ya adabu zetu. Ukimwonyesha Mswahili kitu ulichotengeneza kwa jasho lako hawezi kukwambia hakina maana. Atasema kizuri sana, hongera, Mungu akufungulie milango. We unarudi nyumbani unaandika "wateja 40 kati ya 40 wamekipenda". Umekusanya dua, wateja bado. Swali la "ungependa kitu kama hiki?" linajibiwa na adabu. Swali la "mara ya mwisho hili lilikutokea lini, na ulifanyaje?" linajibiwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ina bei ndani yake, ina siku, ina jina la mtu aliyemsaidia. Kama hakumbuki mara ya mwisho, umeshapata jibu.

Hili nalisema nikiwa na kovu. Mimi na wenzangu wawili tulitumia miezi sita tunatengeneza apu ya kuagiza chakula kwa mama lishe. Tulianza na mama mmoja anayepikia mafundi kwenye site za ujenzi. Tulimwamkia, tukakaa, tukamwonyesha picha kwenye simu, akasema "nzuri sana wanangu, Mungu awabariki", akatuongezea na maharage. Sisi sentensi yetu ya tatizo ilikuwa "mama lishe hawana apu ya kupata wateja". Ndio, hiyohiyo niliyoanza kuicheka pale juu. Siku ya kuiwasha, saa saba mchana, mama ana foleni ya watu na sahani zimeisha, mkono mmoja mwiko mwingine chenji, na sisi tunampigia aangalie oda kwenye simu. Saa nane wali umeisha. Hakuwa na shida ya wateja hata kidogo. Mwezi wa pili hakuna mama lishe hata mmoja aliyekuwa anaifungua.

Baadaye nilirudi peke yangu, bila apu, nikashinda pale kutwa nzima. Kilichokuwa kinamuumiza kilikuwa kwenye daftari. Mafundi wanakula kwa mkopo wanalipa Jumamosi wakipata hela, site ikiisha wengine wanahama na deni, au wanabishana kwamba Jumatano hawakula, na daftari lina mafuta na kurasa zimechanika. Nikamuuliza mara ya mwisho kudhulumiwa ilikuwa lini, akaongea karibu saa nzima bila kupumua, mpaka na kiasi alitaja, ilikuwa kama 15,000 kwa wiki. Ningeweza kuandika pale pale: mama anayepikia mafundi kwa mkopo, site ikikaribia kuisha anapoteza hela, sasa hivi anategemea daftari na ubishi, inamla 15,000 kila wiki. Ona tofauti yake na ile sentensi yetu ya mwanzo.

Ila kabla sijafurahi sana akaniambia site mpya ameshaongea na msimamizi. Anakata vipande vya boksi anavisaini, fundi anachukua kwa msimamizi, anakula kwa kipande, Jumamosi msimamizi anakata kwenye malipo na kumkabidhi mama hela yake. Lilishaisha hilo. Mwenzangu nilipomsimulia macho yakamtoka, akasema hiyo sasa ndio apu, tunaweka vile vipande kwenye simu. Tukaenda naye tukamwambia mama. Akatuangalia, akauliza, "Sasa fundi akidumbukiza simu kwenye zege, chakula nimdai nani?"